Mbolea ya ruzuku, Malindi: bei nzuri, orodha hakuna

Kwenye bei sina neno. Mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 2,500, wakati 2022 madukani ulikuwa umepita 6,000. Serikali iliushusha kwanza hadi 3,500, na 2023 ukafika hapa ulipo. Bila ruzuku hiyo, sisi wa Kakuyuni tunaolima mahindi na kunde kwa kutegemea masika tungekuwa tushaacha kupanda na mbolea kabisa. Nyota tano.

Usajili nao si mgumu. Chifu aliandika jina, kitambulisho, simu na ekari, basi. Meseji ya vocha ikaingia kwenye kabambe yangu, simu ya vibonyezo, nikiwa shambani. Ghalani ni foleni na jua, lakini karani aliingiza namba, akatazama kitambulisho, nikalipa kwa simu, risiti ikatoka. Vijana wa kupakia wanataka chao, na boda akadai mia tatu kunifikisha nyumbani na mfuko mmoja. Hiyo 2,500 hesabu na nauli.

Mfuko niliufungua palepale nje ya geti, na nakushauri ufanye hivyo. Mwaka 2024 ruzuku hii ilipitisha mifuko ambayo haikuwa mbolea, hadi waziri wa kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, akapigiwa kura bungeni ya kung'olewa, kisha kamati ikamwondolea lawama. Kwa hiyo nilikata uzi kwa wembe, nikatia chembe chache kwenye kifuniko cha chupa ya maji. Zikalegea, maji yakachafuka. Mchanga haulegei. Karani alinitazama, hakusema kitu.

Sasa linaloniudhi. Jirani yangu, tumepakana mpaka mmoja, tuliandikishwa baraza moja, meseji hajaiona. Mwingine ambaye jembe halijui alishusha mifuko kwa tuktuk. Nikauliza ghalani nani amepewa mingapi katika wadi yetu. Jibu: "Mama, hiyo iko kwenye mfumo." Mfumo ni nani? Anakaa wapi nikamuulize?

Kijana wangu akanionyesha kwenye simu yake jinsi Marekani wanavyofanya. Kuna shirika liitwalo Environmental Working Group limekusanya malipo ya ruzuku ya kilimo tangu 1995 na kuyaweka wazi. Unaandika jina au namba ya posta ya eneo, unaona mkulima fulani alipata dola ngapi. Rekodi zenyewe zilitoka serikalini kwa kuombwa kisheria. Nilimtafuta mtu wa Iowa nisiyemjua, nikampata. Wa Kakuyuni, ninayempita kila siku njiani, siwezi.

Na sheria hata sisi tunayo. Kifungu cha 35 cha katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ilipita 2016. Sitaki namba za simu za watu wala vitambulisho vyao. Jina, kijiji, idadi ya mifuko, karatasi ibandikwe ukutani kwa chifu pale panapobandikwa matangazo ya baraza. Gharama yake ni wino na gundi.

Kwa uwazi natoa nyota moja, nayo ni ya ile risiti. Barua ya kuomba orodha ya wadi nimeshaiandika kwa mkono na kuipeleka ofisini, nakala yangu ikapigwa muhuri. Jirani naye ametia sahihi.