Mashine ya theluji ya hatua mbili: injini safi, beringi ya feni ndiyo dosari

Kwa anayetaka jibu la haraka: mashine hii ya kuondoa theluji nunua, mradi uwe tayari kushika spana mwenyewe au uwe na fundi unayemwamini. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imeondoka na beringi moja, na sehemu kubwa ya maelezo yangu itahusu hiyo beringi, kwa sababu kelele yake inawafanya watu wadhani injini imekufa.

Mimi kazi yangu ni kutunza majengo. Theluji ikianguka usiku, alfajiri niko nje kabla wapangaji hawajaanza kutoka. Mashine ninayotumia ni ya petroli, upana wa mdomo inchi 26, injini ya mipigo minne, kwa hiyo oili ina mahali pake na petroli haichanganywi na kitu. Ni ya hatua mbili: parafujo la mbele linakusanya theluji na kuisukuma katikati, kisha feni nzito ya chuma iliyo nyuma ya parafujo inaipokea na kuirusha nje kupitia bomba. Theluji kavu inairusha mbali bila shida. Ile ya majimaji inataka subira: weka injini kwenye mwendo wa juu kabisa, magurudumu uyapeleke polepole, na bomba halitaziba. Hata lile tuta gumu ambalo magari ya kusafisha barabara huliacha mbele ya geti, inalila kidogokidogo hadi linakwisha. Kwa kazi yenyewe sina lawama.

Kelele ilianza katikati ya msimu wa pili. Ilikuwa sauti ya chuma kinachosaga chuma, nzito, yenye kupanda na kushuka, na mtetemo wake nilikuwa nauhisi hadi kwenye viwiko. Kwenye karakana nilikoipeleka kwanza waliiwasha, wakasikiliza kidogo, wakaniambia, "Ndugu, injini hii imekwisha, tafuta nyingine." Hawakugusa leva hata moja. Niliirudisha nyumbani, kwa sababu injini iliyokwisha haiwaki kwa mvuto mmoja wa kamba asubuhi yenye baridi kali na kutulia vizuri namna ile.

Jambo ambalo kila mwenye mashine ya aina hii anapaswa kulijua ni kwamba leva zake ndizo kipimo cha kwanza cha ugonjwa. Kuna leva ya magurudumu na leva ya parafujo. Usiposhika yoyote, kinachofanya kazi ni injini peke yake, na mikanda imelegea haipeleki nguvu popote. Sauti mbaya ukiisikia hapo, tafuta kwenye injini na vilivyofungwa juu yake: oili iliyopungua, bolti za kuishikia injini zilizolegea, eksozi inayotikisika. Ukishika leva ya magurudumu tu, umeongeza mfumo wa kutembeza: mkanda wake, ile diski ya mpira inayosuguana na sahani ya chuma, na ekseli. Ukishika leva ya parafujo tu, umeongeza mkanda wa mbele, puli ya kuukaza huo mkanda, feni, gia boksi na parafujo lenyewe. Jaribu moja baada ya nyingine, mahali tambarare, bila mtu mbele ya mdomo. Yangu ilikuwa kimya kwenye hatua ya kwanza, kimya kwenye ya pili, na ya tatu ikanguruma papo hapo. Injini ikawa imetoka kwenye orodha ya watuhumiwa kwa muda mfupi kuliko ule wa kupasha maji ya chai.

Hatua inayofuata ni ya mkono, na hapa nasema kwa msisitizo: zima injini, chomoa waya wa plagi, usubiri kila kitu kisimame, ndipo uingie mbele. Na hata ukishazima, theluji iliyoziba bomba usiitoe kwa mkono. Feni iliyokwama huwa imebeba nguvu ya mkanda uliokazwa, na ukikiondoa kile kilichoizuia inaweza kuruka ghafla, injini ikiwa imezimwa. Watu wamepoteza vidole namna hiyo. Mashine yangu inakuja na kijiti cha plastiki cha kuzibulia, kimebanwa juu ya mdomo, na ndicho cha kutumia.

Nilipoizungusha feni taratibu kwa kutumia kipande cha mbao, ilikwaruza. Nikamulika tochi ndani ya ngoma, yaani lile duara la chuma linaloizunguka feni. Chini, panga za feni zilikuwa zimekula rangi mpaka chuma kinang'aa, alama ya upana wa vidole viwili hivi. Juu, rangi ilikuwa nzima kabisa. Alama ya upande mmoja namna hiyo ina maana yake. Panga moja likipinda kwa kupiga jiwe, litakwaruza duara zima, kwa sababu linapita kila mahali. Ngoma ikilika chini tu, ni shafti iliyoshuka, na shafti hushuka kwa sababu beringi inayoishikilia nyuma imechoka. Nikaishika feni nikaitikisa juu na chini: ikacheza waziwazi. Ugonjwa ukawa umepatikana bila kufungua nati hata moja.

Kuifikia beringi ndiko kunakochosha. Inabidi mashine igawanywe mapande mawili. Petroli unaimwaga kwanza, unatoa bomba la kutupia na kifuniko cha mikanda, unautoa mkanda wa mbele kwenye puli ya injini, halafu unafungua bolti zinazounganisha mdomo na sehemu ya nyuma. Weka magogo au stendi pande zote mbili, la sivyo ukitoa bolti za mwisho mashine itakunjika katikati na kukubana. Nyuma ya ngoma utaiona puli kubwa, na kati ya puli na ngoma ndiyo beringi, imebanwa kati ya vibati viwili, na kola yenye skrubu ndogo za kuikaza kwenye shafti.

Yangu ilikuwa imeliwa na kutu hadi kola haizunguki. Niliinyunyizia mafuta ya kulainisha kutu nikaiacha ilale usiku mzima. Asubuhi skrubu zilitoka, kola ikagongwa taratibu kwa nyundo na kipande cha shaba, kisha nikaisugua shafti kwa msasa mwembamba hadi ikawa laini. Hapa kuna kipimo kingine: pitisha ukucha kwenye shafti pale beringi ilipokaa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, beringi mpya itacheza kama ile ya zamani, na utalazimika kubadilisha shafti pia. Yangu ilikuwa nzima. Namba ya beringi imechorwa kwenye pete yake, kwa hiyo huna haja ya kusubiri kifurushi cha kiwanda. Muuzaji wa beringi yeyote ataisoma. Chukua iliyozibwa kwa mpira pande zote mbili.

Wakati wa kurudisha, usikaze bolti za vibati mara moja. Ziache zimelegea kidogo, zungusha feni, hakikisha nafasi kati ya panga na ngoma ni sawa pande zote, ndipo ukaze, na kola uifunge mwisho. Mkanda nilibadilisha hapohapo, ingawa ulikuwa bado na maisha, maana kazi ya kuigawanya mashine sitaki kuirudia kwa ajili ya mkanda. Puli ya kukaza niliizungusha kwa kidole. Ilitoa sauti kavu ya mchanga, nayo nikaibadilisha. Kitu kimoja nilichokaa nacho mbali ni ile diski ya mpira ya magurudumu: grisi ikiigusa, mashine haitembei tena vizuri mpaka isafishwe.

Kelele nyingine za mashine hizi nyingi ni ndogo. Mlio mkali wenye harufu ya mpira kuungua unatokana na mkanda unaoteleza, na mara nyingi sababu ni feni iliyogandishwa na barafu kwenye ngoma. Kila ukimaliza kazi, iache izunguke dakika chache iteme kilichobaki ndani. Mkwaruzo wa sakafuni unaondoka ukishusha vile viatu vya chuma vya pembeni ili mdomo uinuke kidogo. Bomba likitikisika, kaza bolti zake.

Lakini parafujo linastahili kuangaliwa kwa karibu. Kila upande umefungwa kwenye shafti kwa pini laini iliyotengenezwa ikatike pale parafujo linapogonga kitu kigumu, ili meno ya gia boksi yasivunjike. Pini ikikatika, upande mmoja unasimama huku shafti ikizunguka ndani yake, na utasikia mlio wa chuma kikavu. Sasa, kutu ikiunganisha parafujo na shafti, ile pini haina kazi tena: ukigonga jiwe, pigo lote linaenda kwenye gia boksi, na gia boksi ndiyo sehemu ya gharama kubwa kuliko zote upande wa mbele. Dawa ni kutoa pini zote mwanzoni mwa kila msimu, kupiga grisi kwenye chuchu zake (vile vichuma vidogo vya kuingizia grisi), na kuzungusha kila upande peke yake mpaka uwe mwepesi. Upande wa kulia wa mashine yangu ulikuwa umeshaanza kung'ang'ania. Na pini iliyokatika isibadilishwe kwa bolti ngumu ya kawaida, hata kama inaingia vizuri tunduni.

Kwa hiyo lawama yangu kwa waliobuni mashine hii ni moja. Beringi ya feni wameiweka pale pale maji ya theluji iliyoyeyuka yanapochuruzika, bila kinga ya bati mbele yake na bila chuchu ya grisi, wakati parafujo, ambalo ni rahisi kulifikia, wamelipa chuchu kila upande. Kipande kidogo cha bati kingeiokoa. Mengine wamefanya vizuri: kifuniko cha mikanda kina bolti mbili tu, bolti zote ni za saizi za kawaida, na kitabu chake kina michoro ya kila kipande na namba yake, kitu ambacho kilinirahisishia sana kazi.

Sasa inanguruma ngurumo yake ya kawaida, ambayo bado ni kubwa, kwa hiyo vifuniko vya masikio vaa. Na usiijaribu ndani ya gereji hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na inaua.

Ukiikuta mtumba, mwombe muuzaji aiwashe na ashike leva moja moja huku unasikiliza. Kisha azime, achomoe waya wa plagi, nawe uitikise feni juu na chini na umulike chini ya ngoma. Ikicheza, bei ishuke kwa gharama ya kazi nzima ya kuigawanya mashine, si kwa bei ya beringi peke yake.