Huduma ya michoro ya vifaa vya mashine Kizota, Dodoma: tathmini ya mteja mwenye karakana

Karakana nyingi za kuchonga vyuma hapa Dodoma hupokea kazi kwa njia mbili: mteja huleta kipuri kilichovunjika na kuomba kingine kama hicho, au huleta karatasi iliyochorwa kwa mkono yenye namba chache. Njia hizo hutosha kwa geti na hata kwa shafti ya kawaida, lakini hazifai pale unapotengeneza kifaa ambacho chenyewe kitatumika kutengenezea vingine, kwa sababu kosa lililomo ndani yake litarudiwa katika kila kipande kitakachopita humo. Ndiyo maana jigi yangu, yaani kifaa cha kushikilia kazi na kuongoza utoboaji, ya kutobolea mabano ya mashine za kukamua alizeti niliipeleka kwa ofisi ya wachoraji iliyoko Kizota.

Ninachokithamini zaidi katika kazi yao ni kwamba mchoraji aliuliza kwanza kifaa kinafanya nini, ndipo akaandika namba. Alitaka kujua bano linaegemea upande gani wa jigi, tundu lipi linapokea bolti inayobeba mzigo, na iwapo fundi atakagua kwa kalipa au kwa maikromita, ambayo hupima kwa usahihi zaidi. Majibu hayo niliyaona waziwazi kwenye mchoro.

Mchoro wangu wa awali ulikuwa na tundu tano katika mstari mmoja, kila moja likipimwa kutoka kwa lililolitangulia, milimita 25 kwa 25, na chini yake imeandikwa kwamba vipimo vyote vifuate ISO 2768, kiwango cha kimataifa cha makosa yanayoruhusiwa, daraja la kati. Daraja hilo huruhusu kipimo cha urefu huo kuzidi au kupungua kwa milimita 0.2. Nafasi zikiwa nne zinazofuatana, tundu la mwisho linaweza kukaa milimita 0.8 nje ya mahali pake ilhali fundi amefuata mchoro kikamilifu, na hapo hakuna wa kumlaumu isipokuwa mchoro wenyewe. Ofisi hii ilipima tundu zote kutoka ukingo mmoja, ule ule ambao bano huegemea, na kila kipimo kikapewa ruhusa ya 0.05 tu. Mchoraji alinieleza pia upande wa pili wa njia hiyo: umbali kati ya tundu mbili jirani hubeba makosa ya vipimo viwili, yaani hadi 0.1, na akahakikisha kwamba nafasi ya bolti kwenye bano inastahimili kiasi hicho. Maelezo ya namna hii ni nadra, nami nayahesabu kuwa sehemu ya huduma niliyoilipia.

Bushi, yaani mirija ya chuma ya kuongozea keke ya kutobolea, nazo zilishughulikiwa kwa uangalifu. Tundu la milimita 16 limeandikwa H7, maana yake lisipungue 16.000 wala lisizidi 16.018; bushi imeandikwa p6, kati ya 16.018 na 16.029, hivyo huingia kwa kushindiliwa na haichezi. Mipaka hiyo imeandikwa kwa namba pembeni ya herufi, jambo linalomsaidia fundi asiye na jedwali la ISO 286, linaloonyesha mipaka ya herufi hizo, karibu na lethi yake. Kila kipimo kimeandikwa mara moja tu, hakuna mistari ya vipimo inayokatana ovyo, na alama ya koni iliyokatwa, inayoonyesha mpangilio wa pembe ya kwanza (namna ya kupanga sura za kifaa kwenye karatasi), ipo mahali pake. Alama hiyo ina umuhimu wake, kwa kuwa michoro ya Marekani hutumia pembe ya tatu, na anayechanganya mipangilio hiyo anaweza kutoboa upande usio wake.

Kasoro ipo, na ni ya gharama. Katika nakala ya kwanza, ruhusa ya 0.05 iliwekwa hata kwenye urefu wa nje wa bamba, mahali pasipogusana na kitu chochote, na nyuso zote zikadaiwa ulaini wa Ra 1.6 (Ra ni kipimo cha ukwaruzo wa uso, kwa mikromita). Fundi angesaga nyuso hizo bure na mteja angelipia muda huo. Nilipowaonyesha walirekebisha bila malipo, wakaubakiza ulaini huo kwenye uso wa kuegemea peke yake. Hata hivyo mteja asiyesoma michoro asingeligundua jambo hili, na ukaguzi wa namna hiyo unapaswa kufanyika ofisini kwao kabla karatasi haijatoka.

Karatasi moja ya A3 ilinigharimu shilingi 45,000, pamoja na faili la kompyuta ninaloweza kulituma kwa karakana nyingine. Kwa jigi, dai (kifaa cha kukatia au kuumbia chuma) na vifaa vya kushikilia kazi, bei hiyo ni ya haki kabisa. Kwa dirisha au fremu ya kuchomelea, mchoro wa fundi mwenyewe unatosha. Ombi langu kwao ni kwamba maelezo ya pembeni, hasa kuhusu kuvunja kingo kali na kukifanya chuma kiwe kigumu kwa moto, yaandikwe kwa Kiswahili, kwani wanaoyasoma mashineni ni mafundi wetu.