Matilda: kitabu au filamu? Mpwa wangu kanichokoza

Haya wadau wangu, karibuni tena. Leo salamu fupi, kuna jambo linanikera tangu jana usiku na lazima nilitoe. Hiki hapa mkononi ni Matilda cha Roald Dahl, kilitoka mwaka 1988, michoro ya Quentin Blake. Nimekipata kwa hawa wanaopanga vitabu vya mtumba chini, upande wa Mnara wa Saa. Alianzia elfu kumi, tukaelewana elfu sita. Filamu ni ile ya 1996 ya Danny DeVito. Hadithi kwa kifupi: Matilda ni binti mdogo mwenye akili nyingi, wazazi hawamjali, mwalimu mkuu Trunchbull ni mkatili, na baadaye anagundua ana nguvu za kusogeza vitu kwa macho.

Mpwa wangu yuko darasa la nne, na filamu ndiyo aliyoanza nayo. Nikampa kitabu. Siku ya pili karudi kanuna: "Mjomba, mbona huyu Matilda hana nguvu?"

Swali hilo ndilo limenifanya niwashe kamera. Tazameni hapa, nakisogeza karibu. Sura ziko 21. Nafunua, nafunua... sura ya 14! Hapa ndipo Matilda anaikazia macho glasi ya maji mpaka inaanguka, na kijimnyama kama mjusi kilichokuwa ndani yake kinamrukia Trunchbull. Sasa nashika kurasa zote za kabla ya hapo. Mnauona huu unene? Humu mwote mtoto anapambana na watu wazima kwa kichwa chake tu. Anapaka gundi kofia ya baba. Anaazima kasuku, anamficha ndani ya dohani, nyumba nzima wanadhani kuna mzimu. Kasuku huyo kwenye filamu hayupo, wamemtoa!

Filamu inafanya nini? Baba anamlazimisha mtoto aangalie televisheni, televisheni inalipuka. Hata shule hajaanza. Ndiyo maana mpwa wangu anangoja miujiza kila ukurasa.

Na mazoezi. Nina chaki hapa, naiweka mezani. Kwenye kitabu Matilda anajifungia chumbani na sigara kubwa ya baba yake, kwa sababu ukubwa wake unakaribia wa chaki, ambayo anataka kuiandikisha ubaoni kwa macho. Anaikazia macho, inatikisika. Anarudia, inainuka kidogo. Tena, na tena, siku kadhaa, mpaka inakaa hewani. Kwenye filamu muziki unapigwa, vitu vinaruka sebuleni, yeye anacheza. Inapendeza, sikatai, lakini jasho liko wapi?

Lakini niwe mkweli, Pam Ferris kwenye nafasi ya Trunchbull ni balaa. Akimshika binti mmoja wa shule nywele na kumrusha, hata mimi mtu mzima nilikunja miguu. Na ile keki ya chokoleti anayolazimishwa kula mwanafunzi Bruce, nadhani filamu imekishinda kitabu pale. Eeh, nimesema.

Kumbe Dahl mwenyewe aliwahi kuishi Dar es Salaam, kabla ya Vita Kuu ya Pili, akifanya kazi Shell. Nikipata muda nitawafanyia video yake peke yake. Na kengele bonyezeni jamani, Jumamosi naleta ile filamu ya Matilda ya nyimbo ya 2022, ambayo Trunchbull ni Emma Thompson.

Turudi, maana mwisho ndio umeniumiza zaidi. Kwenye kitabu Matilda anapandishwa darasa la juu kabisa, anapewa masomo ya saizi yake, na nguvu za macho zinapotea. Mwalimu wake, Bi Honey, anamweleza kwamba ubongo wake sasa umepata kazi ya kufanya. Nilisoma ukurasa ule mara tatu. Zile nguvu zilikuwa akili iliyokosa pa kwenda! Filamu inamwachia nguvu zake, anavuta kitabu rafuni kwa macho, basi, imekwisha.

Nilimsomea mpwa wangu ukurasa huo jana kabla hajalala. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Kwa hiyo hakulia zilipopotea?" Nikamwambia hapana, alifurahi. Akachukua kitabu, akarudi nacho sura ya kwanza. Sasa hivi yuko nyuma ya kamera hapa, anaidai chaki yake.