Figma kwa anayeongoza wabunifu: ruhusa ya kutazama inakutosha

Figma ni programu ya mtandaoni ya kubuni mwonekano wa tovuti na programu za simu, na sifa zake nyingi huhusu uchoraji. Hapa tunaipima kwa mtu asiyechora: mkurugenzi wa ubunifu, mkuu wa masoko, yeyote anayetakiwa kuwawezesha wabunifu watoe kazi nzuri bila kuwachosha. Kwa mtu huyo ni programu bora sana, mradi aipange vizuri tangu siku ya kwanza.

Kilichoipa jina tangu ilipofunguliwa kwa umma mwaka 2016 ni watu wengi kufanya kazi ndani ya faili moja kwa wakati mmoja, kila mmoja na kishale chenye jina lake. Bosi akibofya picha ya mbunifu juu kulia, skrini yake inafuata kila anachofanya mwenzake. Mbunifu naye anaona bosi kaingia. Hapo hapo anaacha kujaribujaribu, anafuta michoro mibovu ambayo pengine ingezaa mizuri, anaanza kunyoosha mistari. Faili linapendeza mapema, wazo linabaki changa.

Kwa hiyo, kazi ikiwa mbichi ikae kwenye Drafts (sehemu ya rasimu) za mbunifu mwenyewe, na ihamie kwenye mradi wa timu siku mliyokubaliana. Nawe jipe ruhusa ya kutazama tu. Haina malipo, na bado unaweza kuandika maoni. Bosi mwenye ruhusa ya kuhariri ataona kitufe kimekaa vibaya, atakisogeza, na asubuhi mwenye kazi atakuta kazi imeguswa bila yeye kuambiwa. Ikitokea mara mbili tatu, anaanza kusubiri maelekezo badala ya kuleta mawazo.

Kuacha maoni ni rahisi: bonyeza C, bofya penye tatizo, andika. Andika tatizo lenyewe na umwachie mwenye fani suluhisho. “Kwenye simu bei haisomeki” inampa nafasi ya kufikiri. “Ifanye nyekundu, isogee kushoto” inamgeuza kuwa mkono wako. Maoni arobaini kwenye ukurasa mmoja hukatisha tamaa hata yakiwa ya kweli yote. Chagua matatu au manne yanayobadilisha kazi, mengine yangoje raundi ijayo. Ya wateja yapitie kwa mtu mmoja kwanza, maana wawili wakipingana humo ndani, anayeumia ni mbunifu.

Kabla ya kila raundi, Ctrl+Alt+S huhifadhi toleo na kulipa jina. Anayejua anaweza kurudi alikotoka huthubutu zaidi. Ila mpango wa bure hutunza historia ya siku 30 pekee, hivyo toleo la maana lidurufiwe.

Sehemu tunayoipenda kuliko zote ni FigJam, ubao wa mawazo uliotoka mwaka 2021. Weka saa dakika 5, kila mtu aandike vikaratasi vyake kimya kimya, majina ya waandishi yafichwe, kisha mpige kura. Matokeo hayaonekani mpaka kura ifungwe, kwa hiyo mgeni kazini hapigi kwa kumtazama mkubwa wake. Kiongozi azungumze mwisho. Akitangulia yeye, vikaratasi vyote vitafanana na chake.

Kasoro zipo. Bando likiisha, faili lililo wazi huendelea kufanya kazi na kuoanisha mabadiliko mtandao ukirudi, ila usitegemee kufungua jingine. Faili moja lina kikomo cha kumbukumbu cha GB 2, na picha kubwa zilizomiminwa humo zinaweza kulifanya lisuesue. Kwa wanaoishi kwa mabango na brosha, kasoro kubwa zaidi ni kwamba Figma haina CMYK, mfumo wa rangi unaotumika kwenye uchapishaji. Rangi inayong'aa kwenye skrini hutoka imefifia mashineni. Kazi za aina hiyo zijadiliwe na kupitishwa humu, lakini faili la kupeleka kwa mchapaji liandaliwe kwenye programu ya uchapishaji.