Uzoefu wangu na Ansible: seva ya Pangani ilipozima isirudi

Natunza seva tano za wafanyabiashara wa vifaa vya ujenzi. Mbili ziko hapa Tanga mjini, nyingine Muheza, Pangani na Korogwe. Zamani kila apdeti ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ilikuwa safari: napanda basi alfajiri, narudi jioni, siku imeishia kwenye mashine moja. Sasa ni mwaka na nusu nafanya yote kwa Ansible, programu ya kusimamia seva nyingi kutoka mbali, nikiwa nyumbani Chumbageni, na sina hamu ya kurudi nilikotoka. Ila kuna usiku mmoja iliniambia ukweli nami nikausoma vibaya.

Ilikuwa Jumamosi saa tatu usiku, maduka yameshafungwa. Pleibuku yangu, yaani faili la hatua ambazo Ansible inazifuata, huweka apdeti kisha huita moduli ya reboot, kipande cha Ansible cha kuzima na kuwasha mashine, seva moja moja, kwa sababu nimeandika serial: 1. Za mjini zikawaka upya bila tatizo, Muheza nayo. Pangani ikazima. Dakika kumi baadaye maandishi mekundu: sekunde 600 zimekwisha, muda wa kuwaka haujasomeka.

Nikadhani mashine ni nzito tu, imezeeka. Nikapandisha reboot_timeout, muda wa kusubiri, hadi sekunde 1800 nikaendesha upya. Safari hii haikufika hata kwenye moduli. Ilisema seva haifikiki. Nikahangaika na SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, nikahisi labda umeme umekatika huko. Nimepoteza karibu saa mbili hivyo, na ningeziokoa kama ningejua moduli yenyewe inafanya nini.

Nilipotulia nikasoma. Kabla ya kuzima, Ansible husoma faili la /proc/sys/kernel/random/boot_id, ambamo mna kitambulisho kinachobadilika kila kerneli inapowaka. Hukihifadhi, hutoa amri ya kuzima na kuwasha, kisha hugonga SSH tena na tena mpaka kisomeke kitambulisho tofauti. Mwisho huendesha amri ya majaribio, ambayo usipoibadilisha ni whoami. Huu ni uangalifu ninaouheshimu sana. Moduli hii iliingia kwenye toleo la 2.7, mwaka 2018. Kabla yake watu walijiandikia wenyewe, wazime kisha wasubiri mlango wa 22, unaotumiwa na SSH, ufunguke, na mlango uliweza kukutwa wazi kwa kuwa mashine ilikuwa haijazima bado.

Kwa hiyo ujumbe wa usiku ule ulikuwa na maana nyembamba kabisa. Kama seva ingekataa amri, SSH ingekuwa hai na kitambulisho kilekile. SSH ilikuwa imekufa. Basi seva ilitii ikazima, na imekwama mahali fulani kabla SSH haijaamka. Hapo Ansible haioni kitu, kwa maana macho yake yote ni SSH. Alihitajika mtu wa kuitazama skrini.

Asubuhi nikampigia mhasibu wa duka la Pangani.

"Shikamoo mama. Samahani kwa kukusumbua Jumapili."

"Marahaba mwanangu. Ngoja mlinzi anifungulie."

Akanitumia picha kwa WhatsApp. Seva ilikuwa imeingia hali ya dharura, na mistari ya juu ilionyesha imeisubiri diski ya bekapu kwa dakika moja na nusu ikaikosa.

"Mama, ile diski ndogo nyeusi iliyokuwa nyuma ya mashine iko wapi?"

"Iko kwenye droo yangu. Waliichomoa mafundi wa rangi, nami nikaitunza isipotee."

Akaichomeka, akazima mashine kwa kitufe, akawasha. Dakika mbili hazikufika nikawa ndani.

Kosa ni langu peke yangu. Kwenye fstab, faili lenye orodha ya diski za kuunganishwa seva inapowaka, niliandika diski ile bila neno nofail, linaloruhusu seva iendelee hata diski isipokuwepo, na systemd, programu inayosimamia uwakaji, ikiambiwa diski ni ya lazima huisubiri sekunde 90, ikiikosa haiendelei. Lililoniuma zaidi ni bekapu. Tangu rangi ipakwe, wiki tano nzima, nakala za kila usiku zilikuwa zikiandikwa kwenye folda tupu, juu ya diski ileile yenye data. Diski hiyo ingekufa, mauzo na nakala zake vingeondoka pamoja. Nilikaa kimya kwa muda nilipoliona hilo. Na Korogwe ina mstari uleule, nilinakili mwenyewe. Serial: 1 ndiyo iliyoiokoa, kwani Pangani iliposhindwa kazi yote ilisimama na Korogwe haikuguswa. Usiendeshe reboot bila mstari huo.

Sasa fstab ina nofail na x-systemd.device-timeout=10s, yaani diski isubiriwe sekunde kumi tu. Skripti ya bekapu inahakikisha kwanza kwamba diski imeunganishwa; isipokuwepo haiandiki, inanitumia ujumbe. Kabla ya reboot pleibuku inaendesha findmnt --verify, ambayo hulalamika kama fstab inadai diski isiyoonekana. Na whoami nimeitoa, nimeweka systemctl is-active mariadb, inayouliza kama hifadhidata ya mariadb inafanya kazi, maana kwa mwenye duka seva haijarudi mpaka hifadhidata iwe imerudi.

Kwa anayetunza mashine za mbali, naipendekeza Ansible kwa moyo wote, mradi kila kituo kiwe na mtu wa kupokea simu, au seva yenye njia ya kuiona skrini kutoka mbali. Zetu hazina njia hiyo, na bei yake haijaturuhusu.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba mama aichomoe diski makusudi kabla ya kufunga duka. Saa tatu nikaendesha. Pangani ikazima, ikawaka bila diski, mariadb ikaitika, nami nikapata ujumbe kwamba bekapu haina pa kuandika. Kisha pleibuku ikahamia Korogwe.