Tahadhari: Anayeuza "Jazz Bass ya 1977" ya marehemu ni tapeli

Ndugu zangu wapigaji besi, nimeingizwa mjini. Mimi ambaye wengi wenu hunipigia simu kabla ya kununua hata uzi mmoja wa gitaa, nimetoa shilingi 3,800,000 kwa mikono yangu mwenyewe nikanunua plaiwudi iliyobandikwa jina la Fender, kampuni maarufu ya magitaa ya Marekani. Nilikaa na jambo hili siku 9 bila kulisema hadharani kwa sababu ya aibu, lakini juzi nikasikia kwamba mtu huyohuyo amempigia simu kijana mmoja wa Morogoro akimweleza habari za besi nyingine "ya marehemu", nikaona kwamba nikiendelea kunyamaza nitakuwa nashirikiana naye.

Mnajua kwamba kwa miaka mingi nimekuwa nikisema, bila kuulizwa, kwamba nikipewa nafasi ya kuchagua gitaa moja tu nitachagua Jazz Bass, yaani besi ya Fender, ya mwishoni mwa miaka ya 1970, yenye kiwiliwili cha mbao ya ash na shingo ya maple, kama ile ya mwaka 1977 ya mpiga besi wa Marekani Marcus Miller, ambayo fundi wa magitaa Roger Sadowsky aliifungia saketi ya kukuza sauti. Wenzangu katika bendi hunicheka kwa hilo. Husema kwamba sisi tunapiga dansi, kwamba Tom Malanga wa Les Wanyika hakuhitaji kuchapa nyuzi kwa kidole gumba kama Miller ili watu wainuke vitini, na kwamba James Jamerson aliubeba muziki wa kampuni ya rekodi ya Motown kwa Precision Bass moja, besi nyingine ya Fender, ya mwaka 1962, yenye nyuzi bapa nene ambazo hakupenda kuzibadilisha, akipiga kwa kidole cha shahada peke yake. Yote ni kweli, na hadi leo nikitaka kujifunza mahali pa kunyamaza katika wimbo namsikiliza Malanga. Lakini roho hupenda inachopenda, na tapeli huyu aliniingilia kupitia mlango huohuo, kwa kuwa alikuwa amesoma kila nilichowahi kuandika.

Aliponipigia alianza kwa "Shikamoo, Mwalimu", ingawa sauti yake ilikuwa ya mtu wa rika langu, nami kwa ujinga wangu nikaipokea shikamoo ile kama heshima. Alisema kwamba baba yake mdogo, aliyepiga besi katika bendi moja ya dansi miaka ya 1980, amefariki dunia wiki mbili zilizopita, ameacha gitaa alilolinunua kwa baharia bandarini, na familia isingependa kitu kile kiangukie mikononi mwa mtu asiyejua thamani yake. Hakuanza na bei. Alianza kwa kuniuliza kama ni kweli kwamba gitaa la mpiga besi maarufu Jaco Pastorius, lile la mwaka 1962 ambalo lilitolewa freti, vile vyuma vya kugawa noti shingoni, na ubao wake ukapakwa epoksi ya mashua, liliibwa New York mwaka 1986, kwa maana marehemu alikuwa akiisimulia habari hiyo kila mara na yeye hakuwahi kujua kama ilikuwa hadithi tu. Nikamjibu kwamba ni kweli, nikamwongezea kwamba hata la Jamerson liliibwa, siku chache kabla ya kifo chake mwaka 1983. Tukazungumza dakika 40. Ninapokumbuka namna nilivyokuwa nikimfundisha mwizi historia ya wizi wa magitaa, natamani ardhi ipasuke.

Jumamosi saa tisa alasiri nilifika Temeke, kwenye nyumba aliyonielekeza. Mbele ya nyumba palikuwa na turubai, mikeka, chupa za chai, na akina mama waliojifunga kanga wakizungumza kwa sauti ya chini. Kulikuwa na msiba, hakuna aliyeweza kutilia shaka. Nilivua viatu, nikatoa pole, nikaweka rambirambi ya shilingi 20,000 kwenye sahani, kisha yeye akatokea na kunishika mkono, akanipeleka chumba cha uani. Chumba kilikuwa na kitanda bila godoro, feni ya mezani iliyogeukia ukutani, na kasha jeusi la gitaa lililolazwa sakafuni juu ya khanga iliyokunjwa, kana kwamba lenyewe ndilo maiti.

Alilifungua polepole. Harufu ya nafthalini na sigara za zamani ilinipanda puani, nami nikaiamini ile harufu kuliko nilivyowahi kuamini risiti yoyote. Gitaa lilikuwa la rangi ya mbao yenyewe, mistari ya ash ikionekana vizuri, plastiki nyeusi mbele, na vifuniko viwili vya chuma vinavyong'aa, kimoja juu ya pikapu (kinasa sauti ya nyuzi) ya mbele na kingine juu ya daraja, pale nyuzi zinapofungwa. Nililigeuza, nikaona shingo imefungwa kwa skrubu 3 badala ya 4, kama zilivyokuwa Jazz Bass za miaka ile, na kwenye kibati kinachoishikilia shingo kuna kile kitundu cha kuingizia ufunguo wa kurekebisha mwinamo wa shingo. Kichwani palikuwa na namba iliyoanza na S7, alama ya mwaka 1977. Lilikuwa zito, uzito ule wa kuvuta bega ambao sisi tuliokulia kwenye madisko tunaujua. Ninyi mngetafuta nini zaidi? Mimi huwafundisha vijana kuangalia hizo skrubu 3, na muuzaji alijua kwamba hizo ndizo nitakazoziangalia kwanza.

Akalichomeka kwenye amplifaya ndogo ya mazoezi, ya spika isiyozidi sahani ya chai, akafungua volyumu zote mbili hadi mwisho, akaniambia, "Piga, Mwalimu, marehemu angefurahi." Nilipiga. Sauti ilikuwa nyembamba na yenye mkwaruzo kidogo, nikajieleza mwenyewe kwamba ni udogo wa spika na nyuzi zilizolala miaka mingi. Katika begi langu mlikuwa na bisibisi. Nililiandaa asubuhi hiyo, nikalifunga kwa kitambaa ili lisichubue simu, kwa kusudi moja tu la kufungua kibati cha vifundo na kusoma namba zilizogongwa nyuma ya volyumu. Mkono wangu ulikwisha kuingia begini, na nilikuwa nimeligusa, pale alipoingia mama mmoja wa makamo, macho mekundu kwa kulia, akasimama mlangoni. Nikasema, "Shikamoo mama." Akasema, "Marahaba, mwanangu. Ahsante sana, Mungu akuzidishie." Niliuondoa mkono begini. Ningewezaje, mbele ya mjane, kuanza kulichanachana gitaa la mumewe kana kwamba nimekuja gereji? Nililichukulia neno lake kuwa ni baraka ya mauzo.

Ndugu zangu, mama yule alikuwa ananishukuru kwa zile shilingi 20,000. Msiba ulikuwa wa kweli, ila marehemu alikuwa fundi cherehani, na katika maisha yake, kama alivyoniambia mama huyo niliporudi, hakuwahi kushika gitaa. Tapeli alikuwa amepanga chumba cha uani kwa siku 3, na alipoona turubai linafungwa mbele ya nyumba akalipachika katika hadithi yake. Mtu anayeweza kukaa uani kwa watu, akinywa chai ya matanga yao, huku akiugeuza msiba wao kuwa duka, sijui alilelewa na nani.

Alikuwa ametaka 4,500,000, tukakubaliana 3,800,000. Nilijua kwamba gitaa halisi la mwaka ule lingenigharimu zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho, na ninajua mtakavyosema, kwamba bei peke yake ilitosha kunishtua. Lakini familia iliyofiwa haiuzi kwa bei ya dukani, na yeye alinisisitiza kwamba wanaharakisha kabla ya arobaini ili watoto wasigombane. Nilimhesabia 3,200,000 taslimu palepale, na 600,000 zilizobaki nikamtumia kwa simu nikiwa kwenye bajaji, kasha likiwa mapajani mwangu. Alijibu kwa ujumbe mmoja: "Zimefika Mwalimu, litunze." Namba hiyo haijapatikana tena tangu siku ile.

Jumanne tulikuwa na mazoezi. Nilipolichomeka kwenye amplifaya kubwa lilivuma kama jenereta, na nilipopanda juu ya freti ya 12 kila noti ilikuwa inateleza nje ya tuni. Mpiga solo wetu alinitazama bila kusema kitu, jambo ambalo kwake ni nadra. Nikalipeleka kwa fundi wetu usiku huohuo. Alitoa vifuniko vya chuma kwanza, akalitazama kwa muda, kisha akazima chuma cha kulehemu, akaniuliza, "Umelinunua, au unalikadiria bei?" Nilinyamaza, naye akaelewa.

Chini ya kibati cha skrubu 3, kitundu cha kurekebishia shingo kilikuwa kimetobolewa kwenye bati tu. Chini yake hakuna kitu, ni mbao tupu. Mbao yenyewe, pale ambapo shingo huingia, ilionyesha matabaka ya plaiwudi yaliyopangana kama mkate wa kumimina uliokatwa vibaya, na ile mistari ya ash niliyoipapasa kwa mapenzi ilikuwa ni vinia nyembamba iliyogundishwa juu, ambayo pembeni ilikwisha kuanza kufunuka. Pikapu zilikuwa na sumaku ya seramiki iliyobandikwa kwa chini, za aina ile inayofungwa kwenye magitaa ya bei rahisi ya kujifunzia. Jina la kichwani, pamoja na ile S7, fundi alilikwangua kwa ukucha wa kidole gumba likatoka lote kwa mara moja, likabaki limening'inia kwenye ukucha wake kama ganda la kitunguu.

Mnaotaka kujua namna ya kuitambua besi bandia kama hii nitawaeleza kwa ufupi, kwa kuwa bado sina utulivu. Volyumu zilizo ndani ni ndogo ndogo, wakati za Fender za miaka ile ni kubwa na nyuma yake mara nyingi utakuta namba zinazoanza na 137, ambayo ni alama ya kiwanda cha CTS, zikifuatiwa na mwaka na wiki. Pikapu ya nyuma ipo mahali pa mtindo wa miaka ya 1960, wakati katika zile za mwaka 1977 iko karibu zaidi na daraja kwa takribani sentimita moja, na huko ndiko unakotoka ule ukali wa Marcus Miller. Hilo lingeonekana kwa rula ya mtoto wa shule, bila bisibisi na bila kumuudhi mjane yeyote, na ndiyo maana kifuniko cha chuma kilichoificha pikapu hiyo hakikutolewa. Tapeli aliniambia kwamba marehemu hakupenda kiguswe.

Mimi ninachotaka ni mtu huyu akamatwe. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa la jinai, halihusiani na "mjini shule" wala na ule msemo wa kwamba mjinga ndiye aliwaye, ambao nimeshaambiwa na watu watatu wanaojiita rafiki zangu. Nataka asimame kizimbani na gitaa hilo mikononi, hakimu amwombe apige hata skeli moja, kisha aende jela akapigie wenzake huko bila amplifaya. Nataka kila meneja wa bendi na kila dalali wa vyombo kuanzia Kariakoo hadi Buguruni amjue, ili asiuze hata fimbo ya ngoma. Gitaa la Jaco liliibwa kwa sababu lilikuwa na thamani. Hili langu, mwizi akilichukua usiku, asubuhi atalirudisha na kuniomba radhi.

Nimefungua jalada polisi na nimepewa RB. Afisa aliyenihudumia aliniuliza mara mbili tofauti ya besi na gitaa la kawaida, na nilimweleza kwa adabu. Mama wa Temeke alitaka kunirudishia rambirambi yangu nikakataa, na yuko tayari kutoa maelezo kuhusu mpangaji wa uani. Yeyote mwingine aliyepigiwa simu ya "shikamoo, Mwalimu" na kuulizwa habari za Jaco anitafute, awe alilipa au hakulipa, kwa sababu polisi wanasema walalamikaji wakiwa wengi jalada hutembea haraka. Kijana wa Morogoro nimeshaongea naye, na nauli aliyokuwa ametenga aje Dar es Salaam nimemwambia anunulie nyuzi.

Gitaa lipo mezani kwa fundi, shingo imefunguliwa, kibati kimelazwa pembeni. Litachukuliwa Alhamisi kama kielelezo. Anayetaka kukiona kile kitundu kwa macho yake apite kabla ya saa nane mchana.