Udairekta: filamu au tamthilia?

Hili swali haliishi kwa vijana wa Bongo, ukitaka udairekta uende filamu ama tamthilia za tivii?

Hela kwanza. Tamthilia inaingiza kidogo kidogo ila inaingiza, yaani kitu kama Huba ya Maisha Magic Bongo ikisonga msimu baada ya msimu na wewe unakula, ila utapiga sini nyingi kwa siku, mvua ikinyesha mnahamia ndani, skripti yenyewe imeingia WhatsApp jana usiku. Filamu? Unaweza kuzunguka miaka unatafuta mfadhili halafu mkashuti wiki chache tu.

Kwenye kauli filamu inashinda wazi, maana kwenye tamthilia stesheni na prodyuza ndo wenye neno, na epsodi mara nyingi mnapokezana madairekta. Jina pia: dairekta Amil Shivji alifika tamasha la filamu la Toronto 2021 na filamu yake Vuta N'Kuvute, sasa epsodi ya 80 utaipeleka tamasha gani?

Kujifunza mi naipa tamthilia, ukiboronga leo kesho uko seti tena.

Una kodi na watoto, anza tamthilia. Huna mzigo na stori inakukaba koo, nenda filamu, tamasha la filamu la ZIFF pale Zanzibar haliko mbali.